Magamba ya kwa mama wa Kadutu: lipa yale ya kutoboka, acha yale ya kung'aa

Niseme mapema: kama uko mwalimu wa biolojia hapa Bukavu, ao mwanafunzi wa chuo, ao mtu tu anapenda kujua wanyama wa zamani walikuwa wanawindana namna gani, nenda kwa ule mama anauza magamba mu soko ya Kadutu, ku sehemu ya bamama ba shanga. Meza yake ni ndogo lakini vitu viko. Kuko simbi za Bahari ya Hindi, kuko konokono wakubwa wa baharini wenye wanapitia Mombasa na Dar es Salaam, kuko chaza, na kuko magamba ya ziwa Tanganyika yenye batu wanamuletea kutoka Uvira na Kalemie. Wateja wengi wanaenda pale juu ya kupamba saluni ao kushona simbi ku nguo na vikapo, na wazee wa Kilega wanajua vizuri simbi, kofia za Bwami, ule chama chao cha mila, zimejaa nazo. Mimi naenda juu ya kufundisha. Na naona wateja karibu wote wanapita kando ya bidhaa ya maana kuliko yote yenye iko pale.

Ile bidhaa haiko hata juu ya meza. Iko chini, mu beseni ya plastiki ya bluu, mule njo mama anatupia yale yenye batu wanakataa: ya kutoboka, ya kuvunjika mdomo, ya kuwa na mstari mubaya mgongoni. Nilinunua kopo ya Guigoz nzima (ile ya maziwa ya unga), imejaa mpaka juu, kwa 3 000 FC, faranga za Kongo. Simbi safi moja kubwa ya juu ya meza inafika karibu bei hiyo yenyewe. Mama aliniangalia, akaniuliza, "Mwalimu, haya ya kufa njo unachagua? Na mazuri nayaacha kwa nani?" Nikamuomba dakika kidogo nimuonyeshe.

Chukua kwanza ile ya kutoboka. Mu kopo yangu kuko gamba nusu ya chaza mdogo wa mchanga, nyeupe, upana kama ya ukucha wa dole gumba, na karibu na kichwa, pale gamba mbili zinaungana, kuko tundu moja ya mviringo safi kabisa, utafikiri fundi alipima na kompasi. Ukiiweka chini ya lupu ao hata kamera ya telefone ukivuta karibu, utaona ile tundu ni pana upande wa nje na inakuwa nyembamba ikiingia ndani, kingo zake zimelala. Hiyo ni kazi ya konokono wa baharini wa familia ya Naticidae. Ule konokono anaishi ndani ya mchanga, anakumbatia chaza na mguu wake mkubwa, halafu anaanza kutoboa: kuko kiungo kimoja chenye kinatoa asidi ya kulainisha gamba, kisha ulimi wenye meno madogo madogo unakwangua, tena asidi, tena kukwangua. Inaenda polepole sana, karibu nusu milimita kwa siku nzima, na mara nyingi chaza iko bado hai. Ikifunguka upande wa ndani, konokono anapitisha mdomo wake na kula nyama mule mule. Kuko familia ingine, Muricidae, nayo inatoboa, lakini tundu zake mara nyingi ziko na kuta za kusimama wima. Kwa hiyo ukizoea jicho unaweza kushika gamba ya mtu aliyekufa zamani sana (nasema mtu, yaani ule mnyama) na ukasema muuaji alikuwa wa ukoo gani, na ukipima upana wa tundu unapata wazo alikuwa mkubwa kiasi gani, juu konokono mkubwa anatoboa tundu kubwa.

Ni kitu kidogo sana cha mu soko lakini njo msingi wa kazi nzima ya batu wenye wanachunguza visukuku vya baharini (fosili, mabaki ya viumbe vya zamani yenye yaligeuka jiwe). Mifupa ya simba ya zamani haikuambii alikamata swala wangapi na wangapi walimtoroka. Gamba inakuambia. Yenye ilitobolewa mpaka mwisho, mwenyewe alikufa. Yenye tundu imeishia katikati, muuaji alishindwa ao alifukuzwa. Yenye ilivunjwa mdomo ikajirekebisha, mwenyewe alipona akaendelea kukua.

Sasa angalisho kwa wateja, juu hapa batu wanadanganyika. Mama mwenyewe anatoboa magamba ya kutia ku kamba, na tundu zake ziko nyingi mu ile beseni. Namna ya kujua: tundu ya mashine iko na mikwaruzo ya kuzunguka mu kuta, mara nyingi kuko kipande kimeruka upande wa ndani, na iko pale panafaa kwa kamba, si pale panafaa kwa kula. Simbi nazo, zile za kushona ku nguo, zimekatwa mgongo ili zilale vizuri. Ukiona simbi ya kukatwa mgongo usikimbilie kusema ni kaa, ingawa kuko kaa wenye nguvu wa bahari za joto wenye wanaweza kabisa kufungua simbi. Kata ya mtu imenyooka na imesuguliwa, ya kaa iko na meno meno na vipande vya kuruka. Na kuko ingine ya tatu: gamba yenye ilizungushwa sana na mawimbi inaisha mpaka inatoboka yenyewe, lakini hiyo tundu haina sura, na gamba nzima imelainika.

Ila ile nilipenda kuliko zote ni ya makovu. Mu ile kopo kuko konokono mmoja wa baharini mwenye mgongo wake uko na mstari wa kupinda pinda, ukipitisha kidole unasikia ngazi. Kabla ya ule mstari, mistari midogo ya kukua imenyooka vizuri, halafu pap, imekatika bila mpangilio, halafu inaanza tena upya. Pale mnyama alishikwa na kaa. Kaa alianza kumenya mdomo wa gamba kipande kwa kipande akimfuata ndani, na ule konokono alijivuta mpaka ndani kabisa, kaa akachoka ao akafukuzwa, na konokono akabaki na nyumba ya kuvunjika akaijenga tena kuanzia pale ilivunjikia. Hii gamba mama alikuwa anataka kuitupa.

Njo hapa lazima nitaje Geerat Vermeij, juu bila yeye nisingejua kuchagua kitu mu hiyo beseni. Ni Mholanzi wa kuzaliwa 1946, alipoteza macho akiwa bado mtoto wa miaka mitatu, familia yake ikahamia Marekani, akasoma chuo kikuu cha Princeton, akamaliza udaktari Yale mu 1971, akafundisha Maryland halafu Davis kule California. Haoni hata kidogo, na amekuwa kati ya wataalamu wakubwa wa magamba wenye dunia iko nao, ya leo na ya fosili. Anasoma gamba na vidole: unene wa mdomo, upana wa mlango, miiba, na makovu. Alipolinganisha konokono wa Pasifiki ya magharibi, kama kule ku kisiwa cha Guam, na wale wa Atlantiki, aliona wa Pasifiki wako na magamba magumu zaidi, milango myembamba, midomo ya meno, na kaa wa kule nao wako na makucha ya nguvu zaidi. Halafu akarudi nyuma mu visukuku. Mu 1977 akaandika kwamba mu enzi ya Mesozoiki, ile ya kati ya miaka milioni 252 na milioni 66 iliyopita, bahari ilibadilika: walitokea na kuongezeka kaa, samaki wa kuponda magamba, samaki bapa wenye wanaitwa taa, na konokono wa kutoboa, na upande wa mawindo yale magamba ya kulegea, ya mlango mpana na kitovu (lile shimo la chini, katikati ya mzunguko) wazi, yakapungua mu maji ya joto ya kina kifupi, yakaja ya kubana, ya miiba, ya mdomo mnene, na wengine wakaamua kujifukia mu mchanga. Angalia simbi yoyote ya juu ya meza ya mama: mlango ni mstari tu, mwembamba, wenye meno pande mbili. Wateja wanaipenda juu ya uzuri. Ile sura ni ulinzi.

Na mu 1987 akaiweka wazo lake lote pamoja: kwamba mu historia ya uhai adui njo anasukuma zaidi. Mawindo wanajenga ulinzi juu ya adui zao, lakini adui naye anaogopa zaidi adui zake mwenyewe kuliko anavyohangaika na ugumu wa chakula chake. Halafu kuko kitu kimoja mu mawazo yake chenye banafunzi wangu walikataa kwanza, tukabishana mpaka saa ikaisha. Anasema gamba ya makovu mengi haimaanishi lazima mnyama dhaifu, inamaanisha adui anashindwa mara nyingi. Kama adui anafaulu kila mara, hakuna kovu, wote wamekufa, na hakuna wa kurithisha gamba ngumu kwa watoto. Kushindwa kwa adui njo kunaacha nafasi ya ulinzi kuwa bora. Kwa hiyo ukihesabu makovu peke yake unaweza kupotea, lazima uangalie pia yaliyovunjwa kabisa, na hayo mu soko hayafiki, juu nani atanunua vipande vipande. Hiyo ni kasoro ya kununua mu soko, si kosa ya mama.

Kuhusu darasa: fanyeni kama Vermeij. Niliwaambia banafunzi wafunge macho, kila mmoja ashike gamba moja, apitishe kucha mgongoni toka kichwa mpaka mdomo na aseme pale anasikia kukatika. Walipata makovu yenye mimi na macho yangu sikuyaona. Kuko kijana mmoja mwenye hapendi somo kabisa, alishika konokono yake akasema "huyu walimshika mara mbili," na ni kweli, kovu la pili lilikuwa karibu kabisa na mdomo, jembamba kama unywele, mbele ya macho ya watu wote na hakuna aliyeliona.

Sasa upande wa Tanganyika, na hapa naomba batu ba Uvira na Kalemie wasome vizuri. Yale magamba ya kwenu ni bidhaa ya ajabu na mnayauza bure. Ule ziwa ni wa zamani sana, mamilioni ya miaka, na konokono zake ziko na sura ya baharini kabisa: nene, zenye mbavu, zingine zenye miiba kama Tiphobia. Zamani, mwisho wa karne ya 19, Mwingereza J. E. S. Moore alikuja kuzichunguza na alifikiri ziwa lilikuwa lilishikana na bahari. Haikuwa hivyo. Mu 1991 Kelly West, Andrew Cohen na Michael Baron walitoa utafiti wao juu ya kaa na konokono wa Tanganyika: konokono wa ziwa hilo wako na magamba magumu kuliko jamaa zao wa maziwa mengine ya Afrika, wako na makovu ya kurekebisha, na kaa wa huko, wale Platythelphusa, wako na makucha makubwa ya kuponda. Yaani mu maji matamu, hapa karibu na sisi, ku mwisho wa mto Ruzizi, kumepita mambo yale yale ya baharini: mwindaji na mawindo wamefinyangana mpaka konokono wa ziwa anafanana na wa bahari. Mimi nikishika Lavigeria (konokono mmoja wa ziwa) ya Uvira yenye kovu nasikia furaha kubwa kuliko nikishika simbi ya Mombasa. Mwanafunzi wa Bukavu hahitaji ndege ya kwenda Guam. Anahitaji nauli ya kushuka Uvira, ao kopo ya Guigoz.

Na hapa njo natoa lawama ya kwanza, na ni kubwa. Mama anachanganya. Ya bahari na ya ziwa ziko mu beseni moja, hakuna karatasi, hakuna jina la pahali. Kwa kupamba nyumba haina shida, kwa kujifunza ni hasara kabisa. Kidogo unaweza kutenganisha mwenyewe: wale konokono wa kutoboa, Naticidae na Muricidae, ni wa bahari, kwa hiyo ukikuta gamba ya Tanganyika na tundu ya mviringo safi, uliza kwanza ni mtu gani alitoboa. Lakini kati ya Uvira na Kalemie utajua namna gani? Haiwezekani. Na pahali na tarehe njo vinafanya gamba iseme. Mfano: ku mwambao wa Marekani kaskazini mashariki kulifika kaa wa kutoka Ulaya, Carcinus maenas, na Vermeij mu 1982 akaonyesha kwamba konokono mmoja wa kule, Nucella lapillus, alibadilika kisha ule kaa kufika, gamba ikakuwa nene. Alijua namna gani? Juu mu majumba ya makumbusho kulikuwa magamba ya zamani, ya kabla ya kaa, kila moja na karatasi yake: pahali, mwaka. Bila ile karatasi yangekuwa takataka tu za kupendeza.

Nilimueleza mama hiyo habari, na hapa nasifu huduma yake bila kujizuia, juu hakunicheka. Aliuliza, "Kwa hiyo niandike Uvira, Kalemie, Mombasa, basi?" Basi. Sasa anatenganisha mu mifuko mitatu na anaandika na bic juu ya kipande cha karton. Mwaka bado haandiki, lakini tutafika. Na amezoea jicho kuliko banafunzi wangu wengi, akiniona toka mbali anaita, "Mwalimu njoo, kuko moja ilipona!" na mara nyingi ni kweli, ni kovu kweli. Wauzaji wengine wakiona unataka kitu wanapandisha bei pale pale. Huyu amepandisha kidogo tu, na mimi naona ni haki, juu sasa anachagua, ile ni kazi.

Lawama ya pili: usafi wa kuzidi. Yale ya juu ya meza yanaoshwa na ndimu, yanasuguliwa na msasa, halafu verni. Gamba ni chokaa, ndimu inaikula, kingo za tundu zinaisha na haujui tena ilikuwa pana nje ao wima. Msasa nao unafuta makovu yale madogo yenye njo ya maana. Verni inajaza mistari ya kukua. Kwa hiyo yale ya bei kali juu ya meza, kwa kazi yangu, hayana kitu. Usinunue hata ukipunguziwa. Na wale konokono wakubwa sana wa baharini wa kung'aa kama kioo, wengi wanatolewa baharini wakiwa hai ili gamba isiharibike, mimi hapana, nachukua yale ya kuokotwa ku mchanga yakiwa yamekufa tayari.

Kama unataka kufanya hesabu na banafunzi, chagua aina moja, chukua yote bila kuchagua yenye tundu tu (mwambie mama akujazie kopo na mkono wake, wewe usiangalie), halafu hesabu ngapi ziko na tundu ya konokono. Kwa chaza kumbuka mnyama mmoja ni gamba mbili na muuaji anatoboa moja tu, kwa hiyo ugawe jumla ya gamba kwa mbili kwanza, bila hivyo utapata nusu ya ukweli. Namna hiyo hiyo ya kuhesabu njo Patricia Kelley na Thor Hansen waliitumia kwa maelfu ya magamba ya fosili ya mwambao wa Marekani, kuanzia enzi ya Kretasi (sehemu ya mwisho ya Mesozoiki) kuja huku, na hawakukuta mstari wa kupanda tu: kutoboa kuliongezeka, kukapungua, na matoweko makubwa (nyakati zenye viumbe vingi vilitoweka pamoja) yalivuruga mambo kati ya muuaji na mawindo wake. Na kweli ya beseni ya soko hauwezi kuiita takwimu ya bahari, batu wameshachagua kabla yako. Inafaa kwa kujifunza mkono na jicho, na kwa hiyo kazi sijapata pahali pazuri kuliko hapa mu mji mzima.

Mambo ya kawaida basi: anafika asubuhi lakini beseni anaitoa chini ya meza ukiuliza tu, kwa hiyo uliza. Mvua ikinyesha anafunika yote na plastiki, haionekani kitu, rudi siku ingine. Beba brosi ya meno ya zamani na maji kidogo, magamba ya ziwa yako na udongo na makovu yanajificha. Mifuko ya Kalemie inachelewa kufika, ya Uvira inafika kila mara kama njia ya Ruzizi iko nzuri. Kopo sasa ni 3 500 FC ikiwa imetenganishwa na iko na karatasi ya pahali, 3 000 ikiwa ya kuchanganya. Lipa ile 500 ya zaidi.